Msalaba wa Nadezhda Durova

Mwishoni mwa mwaka 1807, jijini Saint Petersburg, Tsar Alexander wa Kwanza alimvisha nishani askari mmoja kijana: msalaba wa fedha wenye utepe wa Mtakatifu George, mweusi na rangi ya chungwa. Askari huyo alikuwa mwanamke.

Nadezhda Durova alitoroka kwao mwaka 1806 katika mavazi ya kiume, akajiunga na kikosi cha wapanda farasi. Katika kumbukumbu zake, ambazo mshairi Pushkin alichapisha sehemu yake mwaka 1836, anasimulia mapigano ya Guttstadt, huko Prussia. Aliwaona wapanda farasi wa adui wamemzingira ofisa wa Kirusi na kumwangusha kwa risasi. Akawaendea mbio, mkuki mbele, wakatawanyika. Kisha akampandisha majeruhi yule juu ya Alkid, farasi wake kipenzi, yeye akabaki kwa miguu vitani.

Siri ilipofika ikulu, Tsar alikusudia kumrudisha nyumbani kwa heshima. Durova anasema alimwangukia miguuni akimsihi asifanye hivyo, kwamba huko kwao atakufa. Akakubaliwa: akapewa msalaba kwa kuokoa maisha ya ofisa, akapewa na jina jipya la kiume, Aleksandrov.

Nishani yenyewe ilikuwa changa, imeanzishwa Februari mwaka huohuo wa 1807. Ile ya Mtakatifu George aliyoianzisha Malkia Catherine wa Pili mwaka 1769 ilikuwa ya maofisa. Hii ilikuwa ya askari wa kawaida, na haikuwa pambo tupu: aliyevishwa hakuchapwa tena viboko, na mshahara wake uliongezwa kwa theluthi moja. Kwa jeshi lililojaa watoto wa watumwa wa mashamba, hilo lilikuwa jambo zito.

Ila ushujaa ulipotoka kwa asiyetarajiwa, dola ilihangaika. Kuanzia 1844, Waislamu na wengine wasio Wakristo walipewa misalaba yenye tai wa dola badala ya mtakatifu. Inasimuliwa kwamba wapiganaji wa Kaukasi walinung'unika: kwa nini wapewe ndege, na si yule shujaa juu ya farasi?

Durova naye ana fumbo lake. Kumbukumbu zake hazimtaji mume aliyemwacha, wala mwanawe Ivan. Je, alimficha mtoto, au alijificha yeye?

Tai yule wa misalaba ya wasio Wakristo aliondolewa kwa kanuni za 1913. Miaka minne baadaye dola ya kifalme ilianguka, na Wabolsheviki wakazifuta nishani zake zote.