Vitabu vya Kiingereza kwa Watoto wa China

Katika mwaka wa 2001 Wizara ya Elimu ya China iliamuru kwamba Kiingereza kifundishwe kuanzia darasa la tatu la shule ya msingi. Miji ilitangulia, vijiji vikafuata hatua kwa hatua. Hivyo mtoto wa miaka minane au tisa, ambaye bado anahangaika na mamia ya herufi za Kichina, akawekewa mbele yake kitabu cha lugha nyingine.

Serikali ya nchi hiyo haikuwaachia wauza vitabu kazi hiyo. Mashirika kadhaa ya uchapaji huruhusiwa kutunga, lakini kitabu hakiingii darasani mpaka kikaguliwe na kuidhinishwa. Mwaka 2022, baada ya wananchi kulalamikia michoro mibaya katika kitabu kimoja cha hesabu, Wizara iliamuru vitabu vyote vya shule za msingi na sekondari vikaguliwe upya.

Ukaguzi huo ulikuwa wa haki. Lakini mchoro mbaya huonekana na kila mtu, ilhali kasoro ya mafunzo haionekani mpaka mtoto afungue kinywa. Askari na polisi wanalielewa jambo hili vizuri, kwani buti halipimwi likiwa ghalani, hupimwa miguuni baada ya mwendo mrefu.

Mwendo wa mtoto wa China una vikwazo vyake. Katika darasa la kwanza yeye hufundishwa herufi za Kilatini ili zimwongoze kutamka Kichina, kwa utaratibu uitwao pinyin. Humo herufi "c" husomwa "ts", na "q" hukaribia "ch" ya Kiswahili. Miaka miwili baadaye anazikuta herufi zile zile katika Kiingereza, zikiwa na sauti nyingine. Tena Kichina hakibadili umbo la neno kuonyesha wingi, wala hakibadili kitenzi kuonyesha wakati uliopita. Na katika usemi wake neno "ta" humtaja mwanamume na mwanamke pia, kama "yeye" yetu. Kwa hiyo si ajabu kumsikia hata mtu mzima wa China akimtaja mama yake kwa Kiingereza kana kwamba ni mwanamume. Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya hakina habari ya mambo hayo. Hata kiwe na picha nzuri namna gani, hakimfai mtoto huyu.

Kisha yuko mwalimu. Huko vijijini, katika miaka ile ya mwanzo, wengi walikuwa walimu wa masomo mengine waliopewa mafunzo mafupi. Kitabu kinachojaa mazungumzo na nyimbo huhitaji mtu mwenye matamshi safi. Asipokuwapo, watoto hukariri makosa kwa sauti moja. Wakati huo huo mtoto wa Shanghai ameanza Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kila mmoja atafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambao katika mikoa mingi humpa Kiingereza alama 150 kati ya 750.

Mwongozo wa mwaka 2001 ulitaka mtoto amalize shule ya msingi akijua maneno 600 hadi 700. Mwongozo wa mwaka 2022 umepunguza hadi kama 500, na hilo ni jambo la busara. Vitabu vipya vilivyoufuata vilianza kutumika mwaka 2024, na watoto walioanza navyo katika darasa la tatu watamaliza darasa la sita mwaka 2028.