Trela la Maji Lililogeuka la Kuni

Nililikuta nyuma ya gereji moja Kitengela, limeinamisha mkono wake kwenye udongo mweusi kama ng'ombe anayekunywa. Tangi lilikuwa limeshang'olewa na kuuzwa. Zilibaki chaneli mbili ndefu, ekseli ya pikapu ya zamani na springi zake, pamoja na vile vyuma vinne vilivyopinda kama tandiko, ambavyo tangi la lita 1,000 lilikuwa likikalia. Aliyeishi Kajiado analijua trela la namna hiyo. Limevutwa na trekta kutoka kisimani mpaka mlangoni pa watu miaka nenda miaka rudi, na kwingine linavutwa hadi leo.

Mimi napika. Kibanda changu kiko hapa Laiser Hill, na wateja wangu wengi ni watu wa mjengo. Githeri ya watu sitini haiwezi kuivia kwenye gesi halafu sahani iuzwe kwa bei ambayo kibarua ataimudu. Huivia kwenye kuni. Kwa muda mrefu nililipia pikapu za watu ziniletee, na kila nikipiga hesabu jioni naona pesa nyingi zimeishia kwenye gari, si kwenye jiko. Pikapu kuukuu niliyo nayo ina sehemu ndogo ya mizigo. Trela lingenitosha.

Kilichonivutia zaidi ni zile lita 1,000. Lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo nilijua bila kumuuliza mtu kwamba ekseli ile imezoea kubeba tani nzima. Hapo ndipo nilipojidanganya, na nitaeleza baadaye.

Kabla ya kulipa nilidai karatasi. Trela hapa Kenya husajiliwa peke yake, si kwa jina la gari linalolivuta, na namba yake huanza na Z. Muuzaji alikuwa na kitabu chake. Nilidai na risiti ya vile vyuma vya ziada alivyoniongezea, kwa sababu sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inataka biashara hiyo iwe na leseni na kumbukumbu. Wengi tunakumbuka Januari 2022, serikali iliposimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ikabaki imefungwa mpaka Mei. Chuma kisicho na risiti kinaweza kukugharimu zaidi ya kilivyokuokolea.

Fundi wangu ni kijana mpole, anafanyia kazi chini ya mti. Alipolipokea trela hakugusa mashine ya kuchomelea. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga chaneli, hatua moja baada ya nyingine, sikio karibu na chuma.

"Mama, sikiliza hapa," aliniambia. Ting. Akasogea mbele. Ting. Alipofika chini ya mahali tangi lilipokuwa na bomba la kutolea maji, sauti ikabadilika: dup. Aliingiza bisibisi, ikazama. Miaka yote ile tangi lilikuwa likidondosha tone moja moja pale pale, na kutu ikala chuma kutoka ndani huku nje rangi ikiwa nzima. Tulikata futi mbili za chaneli tukaunganisha nyingine, na juu ya kiungo akaweka bamba. Kisha akainua gurudumu moja moja kwa jeki, akalizungusha na kulitikisa huku na huku. Moja lilinguruma. Beringi zote nne tukabadilisha, tukajaza grisi mpya.

Vile vyuma vya tandiko alivikata kwa grainda. Sakafu sikutaka bamba zima. Nilimwambia apange pau bapa akiacha nafasi ya inchi mbili kati ya pau na pau, upepo upite chini ya kuni hata trela likiwa limeegeshwa uani. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiuweka jikoni hivyo, moto wako unafanya kwanza kazi ya kuyachemsha maji hayo yatoke ndipo ushughulike na sufuria, na moshi unakula macho. Kwa hiyo kuni zangu hukaa juu ya trela siku kadhaa, kisha hupangwa chini ya paa kwa miezi. Pembeni aliweka mirija ya mraba, ambamo nguzo huchomekwa na kuchomolewa ili kushusha kuwe rahisi.

Safari ya kwanza tuliteremka barabara ya Magadi, kupita Kiserian na Kona Baridi, hadi kule bondeni, kufuata mathenge. Mti huu nauchagua kwa makusudi. Uliletwa Kenya mwaka 1973, ukapandwa Bamburi kule Mombasa kwenye mashimo ya machimbo, baadaye ukapelekwa nchi kavu za ndani kuzuia mmomonyoko na kutoa kuni. Ukasambaa ukameza malisho. Wakazi wa Ilchamus kule Baringo waliishtaki serikali, na mwaka 2006 wakapeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe ushahidi, kwa sababu maganda matamu ya mathenge yalikuwa yamemuozesha meno. Wafugaji wa bondeni wanafurahi mtu akiukata. Mgunga, ule ambao Wamaasai wanauita oltepesi, siugusi. Kivuli chake na maganda yake ni uhai wa mbuzi wakati wa kiangazi, na ninaumia nikiona gogo lake limelala kando ya barabara likisubiri tanuri la makaa.

Lakini hata mathenge, mti ambao karibu kila mfugaji anautaka uondoke, huwezi kuupitisha barabarani bila kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya. Mimi nacho huwa mkononi kabla ya gogo la kwanza kupanda.

Tulijaza trela mpaka ncha za nguzo. Kijana wa dada yangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulipoanza kuupanda mlima wa Kona Baridi, nilihisi kiti kinanyanyuka chini yangu. Magurudumu ya nyuma ya pikapu yalizunguka bila kushika lami, mkia wa gari ukaanza kucheza. "Mama mkubwa, shuka utafute mawe!" alipiga kelele. Nilishuka, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu ya trela, na tukakaa saa nzima tukihamisha magogo kutoka nyuma kwenda mbele kwa mikono mitupu, miiba ikituchana. Mengine tuliyaacha pale.

Kosa lilikuwa hili. Trela la maji lilivutwa na trekta, na trekta ni zito lenyewe, halishtuki. Tangi nalo lilikaa mahali pamoja, katikati ya ekseli, uzito sawa mbele na nyuma. Kuni hazikai hivyo, hufuata mkono wa anayepakia, na ukipanda mlima uzito wote hulalia nyuma. Trela likilemea nyuma, mkono wake unanyanyuka na kuinua tako la gari linalolivuta. Kwa pikapu, sehemu ya mbele ya ekseli inapaswa kubeba mzigo zaidi kuliko ya nyuma, kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikae kwenye kifundo cha kuvutia.

Nilimwazima mwenye duka la nafaka mizani yake ya kupimia magunia. Tulipima kuni mzigo kwa mzigo, tukazipanga juu ya trela mpaka uzito wote, trela na kuni, ukawa kilo 750. Kisha tukaegemeza ncha ya mkono wa trela kwenye mizani. Ilisoma kilo 31. Fundi alilegeza bolti za springi, akasogeza ekseli nyuma inchi sita, akakaza. Tukapima tena: kilo 76. Sikuamini kwamba inchi sita tu ndizo zilizokuwa kati yetu na ule mteremko.

Na ile tani ya maji? Ekseli ingeibeba, ndiyo. Breki za pikapu yangu haziwezi, na trela halina breki zake. Kwa hiyo napakia kama nusu tani ya kuni, ambayo kwa mti mgumu uliokauka ni takriban mita moja ya ujazo zikiwa zimepangwa. Juu ya sakafu ya futi nane kwa nne, hiyo ni kimo cha futi moja na kidogo tu. Nimepaka mstari mwekundu kwenye kila nguzo mahali hapo; kuni mbichi, ambazo ni nzito zaidi, hazifiki hata hapo. Majirani wananiuliza kwa nini ninarudi na trela nusu tupu, nami nawaonyesha mstari.

Jambo moja hatukuliwaza kabisa, nalo likatutoboa tairi mbili. Miiba ya mathenge hukatika ikidondoka kupitia nafasi za sakafu, na chini yake magurudumu yalikuwa wazi. Fundi alifunga madigadi ya bati nene juu ya kila gurudumu, yakishuka nyuma mpaka karibu na ardhi, na siku hiyo hiyo akaunganisha nyaya za taa za nyuma na kubandika vibao vya kung'aa. Tangu hapo sijaziba tairi.

Kilichobaki ni gurudumu la akiba. Ringi za ekseli ile ni za gari la zamani na hazifanani na za pikapu yangu, kwa hiyo siwezi kuazima lake. Jumatatu, kibanda kikiwa kimefungwa, nitarudi Kitengela kulitafuta.