Laptopu ikikwama na skrini kupepesa: mambo ya kujua kabla ya kumlipa fundi

Mkazi wa Buruburu ameketi mezani usiku akijaza ritani ya ushuru kabla ya makataa ya tarehe 30 Juni. Ghafla skrini ya laptopu inaanza kupepesa, mistari inapita juu hadi chini, kisha kila kitu kinakwama. Kishale hakisogei na vitufe havijibu. Asubuhi anaibeba laptopu hadi kwenye kibanda cha ukarabati, na jibu analopewa ni fupi: skrini imekufa, inunuliwe nyingine.

Huenda ni kweli, na huenda si kweli. Laptopu inayokwama huku skrini ikipepesa inaweza kuwa na tatizo la programu moja mbovu, draiva ya skrini, joto, stima isiyotulia, waya uliolegea au diski inayoelekea kufa. Baadhi ya matatizo hayo hayahitaji hata shilingi moja kuyarekebisha. Mengine yanahitaji fundi, lakini si lazima yahitaji skrini mpya.

Kwa familia nyingi katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Jericho na Makadara hadi Umoja, Donholm, Kayole na Pipeline, laptopu ni moja tu nyumbani. Ndiyo ya mwanafunzi wa chuo, ya ombi la mkopo wa HELB, ya ritani za KRA na ya hesabu za duka. Ikiharibika, hasara mbili zinanukia: pesa kutumika kununua kifaa ambacho hakikuwa na kasoro, na faili kupotea. Hatua zifuatazo zinaweza kufanywa nyumbani bila kuifungua laptopu, na zinamsaidia mwenyewe kujua tatizo liko wapi.

Isizimwe kwa pupa

Laptopu inapokwama, wengi hukimbilia kitufe cha kuzima. Kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea hapo hapo. Kwenye laptopu inayotumia Windows, kuna njia ya kujaribu kwanza: kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hatua hiyo huianzisha upya draiva ya skrini bila kufunga kazi iliyo wazi. Skrini huwa nyeusi kwa sekunde moja hivi, kisha hurudi. Ikirudi ikiwa imetulia, kazi ihifadhiwe mara moja.

Hilo lisipofaulu, mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager, achague programu isiyojibu na kuifunga. Ikiwa hakuna kinachojibu kabisa, ndipo kitufe cha kuwasha kishikiliwe kwa takriban sekunde 10 hadi laptopu izime.

Faili kwanza, ukarabati baadaye

Laptopu ikiwaka tena, kazi ya kwanza si kutafuta ubovu. Ni kunakili faili muhimu kwenye flashi, diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni. Laptopu inayokwama mara kwa mara inaweza kukataa kuwaka wakati wowote, na hasa ikiwa diski ndiyo inayokufa, kila dakika ya matumizi inapunguza nafasi ya kuziokoa faili.

Skrini ikipepesa kiasi cha kutosomeka, televisheni ya nyumbani inaweza kusaidia. Televisheni nyingi za kisasa zina tundu la HDMI. Waya wa HDMI ukiunganisha laptopu na televisheni, mtumiaji abonyeze kitufe cha Windows na P ili kuchagua picha ionekane pande zote mbili. Hapo anaweza kufanya kazi akitazama televisheni na kunakili anachohitaji.

Jaribio hilo lina faida ya pili. Ikiwa picha imetulia kwenye televisheni lakini inapepesa kwenye laptopu, kasoro huenda iko kwenye skrini yenyewe au waya wake. Ikipepesa kote kuwili, skrini ya laptopu huenda haina hatia, na tatizo litafutwe kwenye draiva au kifaa kinachotengeneza picha ndani ya mashine.

Stima na chaja

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa kwamba zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hivyo stima iliyopungua kidogo kwa kawaida si tatizo. Kinachoumiza ni stima inayopanda na kushuka ghafla, soketi iliyolegea, au ekstensheni moja inayobeba jiko, pasi, televisheni na chaja kwa pamoja.

Jaribio ni rahisi. Chaja ichomolewe na laptopu itumike kwa betri peke yake. Skrini ikitulia, lawama inaelekea kwenye chaja au stima. Chaja ijaribiwe kwenye soketi nyingine, ikiwezekana katika nyumba nyingine. Ikiwa kupepesa kunamfuata mtumiaji hadi huko, ajaribu chaja nyingine inayofaa laptopu hiyo. Maandishi yaliyo kwenye chaja yasomwe kwanza: volti zinazotoka, kwa mfano 19.5, lazima zilingane na zile za chaja ya awali, na ampea zisiwe chache kuliko za awali.

Ikiwa taa za nyumba nazo zinapepesa, na za majirani pia, laptopu si mgonjwa. Kampuni ya Kenya Power hupokea ripoti za hitilafu kupitia nambari 97771. Wakati wa kusubiri, vifaa vya kielektroniki vichomolewe. Stima ikipotea, ni vyema kungoja irudi na kutulia kabla ya kuchomeka laptopu tena.

Joto na vumbi

Laptopu inayofanya kazi vizuri asubuhi, kisha inakwama baada ya muda wa kazi, na kupona ikipumzishwa, huenda inaugua joto. Ndani yake mna feni ndogo inayotoa hewa moto kupitia matundu ya pembeni au chini. Vumbi la barabarani likiziba matundu hayo, au laptopu ikiwekwa juu ya kitanda au kochi, hewa haina pa kupita. Mashine hujipunguzia kasi, hukwama, na wakati mwingine hujizima ili isiungue.

Dawa ya kwanza ni kuiweka juu ya meza ngumu. Ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, matundu yapanguswe kwa brashi laini iliyo kavu. Feni ikipiga kelele au ikiwa kimya kabisa huku sehemu ya chini ikichoma mkono, hiyo ni kazi ya fundi: kusafisha ndani na kubadilisha krimu maalumu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa.

Je, ni programu au ni kifaa?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu ubovu wa programu unaweza kufanana kabisa na ubovu wa skrini. Kuna jaribio linalotenganisha mambo hayo. Wakati skrini inapepesa, Task Manager ifunguliwe kwa Ctrl, Shift na Esc. Ikiwa kila kitu kinapepesa isipokuwa dirisha la Task Manager, basi kuna programu isiyopatana na mashine. Mtumiaji akumbuke ni programu gani aliisakinisha au kuisasisha kabla ya shida kuanza, kisha aiondoe au atafute toleo jipya.

Ikiwa Task Manager nayo inapepesa, mshukiwa wa kwanza ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa cha picha. Draiva hupatikana ndani ya Device Manager, chini ya Display adapters. Ikiwa shida ilianza baada ya Windows kujisasisha, kuna kitufe kiitwacho Roll Back Driver kinachorudisha toleo la awali. Kama kitufe hicho hakibonyezeki, draiva mpya itafutwe kwenye tovuti rasmi ya kampuni iliyotengeneza laptopu, si kwenye tovuti zinazojitangaza kuponya kompyuta kwa mbofyo mmoja.

Ushahidi wa mwisho unapatikana kabla Windows haijaanza. Laptopu ikiwashwa, kitufe maalumu, mara nyingi F2, F10, Esc au Del kutegemea aina ya mashine, hufungua ukurasa wa BIOS. Hapo Windows na draiva zake bado hazijaingia kazini. Mtumiaji asibadilishe chochote. Atazame tu kwa dakika kadhaa. Skrini ikipepesa hata hapo, kasoro ni ya kifaa, na kusakinisha Windows upya hakutasaidia. Ikitulia hapo na kuanza kupepesa baada ya Windows kufunguka, programu au draiva ishughulikiwe kwanza kabla ya mtu kununua skrini.

Bawaba, waya na diski

Kifuniko cha laptopu kifunguliwe na kufungwa polepole huku skrini ikiwa imewaka. Ikiwa kupepesa kunazidi, kunapungua au kunaisha katika pembe fulani, waya mwembamba unaopita kwenye bawaba kuelekea kwenye skrini huenda umelegea au umekatika ndani. Laptopu inayobebwa kila siku kwenye matatu na kufunguliwa kwa kushikwa kona moja huchakaa hapo. Waya huo ni kifaa tofauti na skrini, na unaweza kubadilishwa peke yake. Mkazi anayejua hilo anaweza kumwuliza fundi: je, waya umekaguliwa kabla ya kusema skrini imekufa?

Ikiwa shida kubwa ni kukwama kuliko kupepesa, diski ichunguzwe. Diski za zamani zenye sahani inayozunguka bado zimo katika laptopu nyingi za mtumba. Mlio wa kugongagonga, faili zinazokataa kufunguka, au Task Manager kuonyesha diski ikitumika kwa asilimia 100 kwa muda mrefu bila sababu ni dalili za hatari. Faili zinakiliwe kabla ya ukaguzi wowote, kwa kuwa ukaguzi mrefu unaweza kuimaliza diski iliyo dhaifu. Kubadilisha diski hiyo kwa aina mpya ya SSD mara nyingi huipa mashine ya zamani kasi ambayo mwenyewe alikuwa ameisahau.

Betri iliyofura si ya kujaribiwa

Kuna dalili moja inayosimamisha majaribio yote. Ikiwa padi ya kugusa imeinuka, vitufe vimebinuka, au laptopu haikai sawa mezani, betri huenda imefura. Betri za lithiamu zilizofura zinaweza kushika moto. Laptopu izimwe, isichajiwe, na betri isibonyezwe, isitobolewe wala kufunguliwa nyumbani. Ipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi bila kukawia.

Kumwendea fundi kwa macho wazi

Mkazi anayefika kwa fundi akiwa na majibu ya majaribio haya hurahisisha kazi. Badala ya kusema imeharibika, anaweza kusema kwamba picha ni sawa kwenye televisheni, BIOS inapepesa, na kupepesa hubadilika kifuniko kikisogezwa. Fundi mwaminifu ataanza na waya.

Kabla ya kuiacha laptopu, nambari yake ya utambulisho inakiliwe au kupigwa picha. Duka liwe na kibali cha biashara cha Kaunti na eneo linalojulikana. Risiti itaje kazi itakayofanywa, bei, na muda wa dhamana. Kifaa cha zamani kilichotolewa kirudishwe kwa mwenyewe. Faili za siri, picha na nywila zilizohifadhiwa ziondolewe baada ya kunakiliwa; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu, lakini ni rahisi kuzuia kuliko kushtaki.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Mzozo ukishindwa kutatuliwa kwa mazungumzo, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Risiti na ujumbe wa M-Pesa ndio ushahidi wa kwanza, kwa hivyo visifutwe.

Kwa wanaokimbizana na makataa huku laptopu ikiwa kwa fundi, huduma za KRA zinapatikana pia katika Huduma Centre ya Makadara.

Ikishindikana kabisa

Si kila laptopu inafaa kukarabatiwa. Gharama ikikaribia bei ya nyingine, ni heri kununua. Anayenunua ya mtumba aulize kama inaweza kutumia Windows 11, kwa kuwa usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Aiwashe dukani kwa muda, asogeze kifuniko, aitumie bila chaja, na afungue BIOS. Majaribio yale yale yanayofichua ubovu nyumbani huufichua pia dukani.

Laptopu iliyokufa, na hasa betri yake, isitupwe pamoja na maganda na mabaki ya chakula. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe kuanzia nyumbani. Betri iliyochanganywa na taka nyingine inaweza kulipuka ndani ya lori, au kuishia Dandora mikononi mwa anayeokota taka ili kujipatia riziki. Vifaa vya kielektroniki vilivyokwisha hupokelewa na vituo vya kuvichakata, kikiwemo WEEE Centre kilichoko Utawala. Kabla ya kuvipeleka, diski itolewe au ifutwe, ili taarifa za familia zisiondoke pamoja na mashine.