Behewa la Orofa Mbili Lenye Injini Yake

Kusini mwa mji wa Anchorage, katika jimbo la Alaska, reli na barabara kuu huandamana ukingoni mwa mkono wa bahari uitwao Turnagain, zikasindikizana mpaka Portage, na hapo hufarikiana: barabara hupanda milimani kutafuta njia yake, nayo reli hujitosa peke yake katika mabonde ya msitu wa taifa wa Chugach, ambamo kwa makumi ya kilomita hamna njia ya gari, hamna duka, wala hamna namna ya mtu wa kawaida kufika isipokuwa kwa gari la moshi. Ndani ya mabonde hayo mna mito ya barafu ambayo wageni hutoka mbali kuja kuitazama, na mmoja katika hiyo, uitwao Spencer, huteremka hadi kwenye ziwa na kumegeka mapande makubwa ya barafu ya rangi ya buluu, yakabaki yanaelea mpaka jua la kiangazi liyayeyushe.

Idara ya misitu ya Marekani na Shirika la Reli la Alaska walikubaliana kuwafungulia watu mahali hapo kwa kujenga vituo vidogo msituni, na cha kwanza, cha Spencer, kilifunguliwa mwaka 2007. Abiria hushuka na mkoba wake mgongoni, akatembea hadi ziwani, na akipenda hupiga hema akalala huko mpaka treni irudi. Shauri hilo ni jema, lakini lilizaa swali la hesabu ambalo kila mwenye reli hulijua: je, ni halali kuwasha kichwa cha treni chenye nguvu za farasi 4,000, kilichoundwa kwa ajili ya kuvuta shehena za mawe na mafuta, na kukifungia mabehewa marefu nyuma, kwa sababu tu kuna watu wachache wanaotaka kwenda kupiga hema? Jawabu lililotolewa na shirika lile mwaka 2009 lilikuwa behewa moja, la orofa mbili, lenye injini zake lenyewe chini ya sakafu na chumba cha dereva mbele, nalo likaitwa Chugach Explorer.

Ili msomaji afahamu ugeni wa kitu hicho, inafaa tukumbuke kwamba ndani yake mmeunganishwa hikima mbili ambazo kwa muda wa nusu karne na zaidi zilikuwa zikiishi mbalimbali, kila moja katika treni yake.

Hikima ya kwanza ni ile ya kumpandisha abiria juu. Mwaka 1944, Cyrus Osborn, mkubwa mmoja katika kampuni ya General Motors iliyokuwa ikiunda vichwa vya treni vya dizeli, alisafiri ndani ya chumba cha dereva akipita katika bonde la Glenwood, huko Colorado, ambako mto umepasua jabali na kuta za mawe zimesimama pande zote mbili. Akaona kwamba yeye aliyeketi mbele na juu anaona kila kitu, ilhali abiria waliolipa nauli, wamefungiwa nyuma na vidirisha vyao vya ubavuni, hawaoni ila kipande cha ukuta kikipita kwa kasi. Mwaka uliofuata kampuni ya reli ya Burlington ililitoboa paa behewa lake moja na kuliwekea kuba la kioo lenye viti ndani, na watu wakalipenda mno. Ilipoanza safari zake mwaka 1949, treni ya California Zephyr, baina ya Chicago na Oakland, ilikuwa na mabehewa matano ya namna hiyo, na ratiba yake ilipangwa makusudi ili milima mikubwa ipitwe mchana. Nadhani hapo ndipo wenye reli walipokiri waziwazi kwamba mandhari nayo ni bidhaa.

Hikima ya pili haikujali mandhari hata kidogo. Mwaka huohuo wa 1949 kampuni ya Budd ya Philadelphia ilitoa behewa la chuma kisichoshika kutu, lenye injini mbili za dizeli zilizolazwa chini ya sakafu, kila moja ya nguvu za farasi 275, likiweza kwenda peke yake au kuunganishwa na wenzake, pasipo kukokotwa na kichwa chochote. Yaliundwa karibu 400, nayo yakatumika aghalabu katika njia za abiria haba, ambako treni kamili ingekuwa israfu. Alaska waliyajua vizuri: yalitumika miaka mingi katika safari ya Hurricane, kaskazini ya Talkeetna, ambako watu wanaoishi msituni mbali na barabara husimama kando ya reli wakapunga kitambaa, na dereva husimamisha treni pale pale walipo. Msomaji wa Nairobi aliyepanda treni za dizeli zilizoletwa mwaka 2020 kutoka Mallorca, au wa Dar es Salaam aliyepanda Mchongoko ya umeme, ameshakutana na jamaa wa ukoo huu, kwa kuwa zote hizo hujiendesha kwa mashine zilizomo ndani ya mabehewa yenyewe.

Kuziunganisha hikima hizi mbili si jambo jepesi, na sababu yake ni nafasi. Behewa la orofa mbili hutaka sakafu yake ya chini ishuke karibu na reli kadiri iwezekanavyo, ili orofa ya juu isigonge paa la handaki. Lakini behewa lenye injini hutaka nafasi hiyohiyo ya chini kwa ajili ya mashine, matangi ya mafuta, mabomba na mitungi ya hewa ya breki. Abiria na injini, basi, hugombea mahali pamoja. Mwenye kuliunda hana budi kulipandisha behewa juu, na akilipandisha huwa amejifungia njia nyingi: mabehewa marefu ya aina hiyo hayawezi kuingia katika mahandaki ya New York, mathalan, wala kupita chini ya nyaya za umeme za mashariki mwa Marekani. Njia za magharibi na za Alaska zina nafasi zaidi juu, na ndiyo maana kitu hiki kilizaliwa huko.

Waliolikabili jambo hilo walikuwa Colorado Railcar, kampuni ndogo ya mji wa Fort Lupton, iliyokuwa imekwisha kupata sifa kwa mabehewa ya watalii ya orofa mbili yenye paa la kioo, ambayo hukokotwa na vichwa vya kawaida kuelekea hifadhi ya Denali. Mwaka 2002 walionyesha behewa lao la kwanza la kujiendesha, la orofa moja, na kufikia mwaka 2006 la orofa mbili lilikuwa likichukua abiria kusini mwa Florida. Kila behewa lilikuwa na injini mbili za dizeli za nguvu za farasi 600 kila moja, za aina ileile inayoendesha malori makubwa ya masafa marefu, jambo ambalo mafundi walilifurahia kwa kuwa vipuri vyake hupatikana popote. Nguvu hiyo hupitishwa kwa mafuta yanayozungushwa kwa kani ndani ya gia, ndipo ikafika kwenye magurudumu, hivyo behewa huondoka kituoni bila kushtuka.

Lakini kilicholitofautisha zaidi na mabehewa ya Ulaya hakionekani kwa macho. Sheria ya Marekani ilidai kwamba gari la abiria litakalotumia reli moja na treni za mizigo liweze kustahimili kusukumwa kichwani kwa kani ya pauni 800,000, yaani takriban tani 363, pasipo kupondeka. Treni nyingi za Ulaya, zilizoundwa nyepesi kwa kutegemea kwamba ishara na breki zitazuia mgongano usitokee kabisa, hazikuweza kutimiza sharti hilo. Colorado Railcar walitimiza, kwa kutia chuma kingi. Na chuma kingi ni uzito, na uzito ni mafuta. Sisemi kwamba sheria ilikosea, maana treni ya shehena ya Marekani ni kitu cha kutisha mtu akiiona ikija. Ila ndiyo iliyofanya biashara nzima ibaki mikononi mwa kampuni moja ndogo.

Kuhusu faida ya orofa ya juu, anayeidhani kuwa ni anasa tu hajapita Portage. Tarehe 27 Machi 1964 tetemeko la nguvu ya 9.2 liliitikisa Alaska, na ardhi ya hapo ikadidimia, maji ya chumvi yakaingia na mji mdogo uliokuwapo ukaachwa. Miti iliyokunywa chumvi ile ilikufa imesimama, na vigogo vyake vya rangi ya majivu vingalipo. Kandokando ya reli vichaka vimeota kwa wingi, na aliyeketi chini huona majani yakipita. Aliye juu huona vigogo, tope la pwani maji yanapokupwa, na nyuma yake mlima wenye theluji.

Kampuni yenyewe haikudumu. Mkataba wake wa kuunda mabehewa ya njia ya Beaverton na Wilsonville, huko Oregon, uliikamua fedha, na mwishoni mwa mwaka 2008 ikafunga milango, miezi michache kabla ya Chugach Explorer kuanza kazi. Mali na michoro yake vilinunuliwa mwaka 2009 na wengine walioanzisha jina la US Railcar.

Ama kwa rai yangu, si fedha peke yake iliyoamua. Behewa lenye injini yake lina ila moja ambayo mnunuzi haioni siku ya kwanza: injini ikienda kwa fundi, viti navyo vimekwenda kwa fundi. Mwenye mabehewa ya kukokotwa hubadilisha kichwa kibovu na kushika safari. Na wageni wakijaa mwezi wa Julai huongeza behewa, wakipungua hulipunguza. Rocky Mountaineer ya Kanada, inayoishi kwa kuuza mandhari, ilipotaka mabehewa mapya ya orofa mbili yenye paa la kioo ilikwenda kwa Stadler ya Uswisi, wakaundiwa Berlin na kuanza kupokelewa mwaka 2019, yote bila injini. Kwao hesabu hiyo ni sawa, kwa kuwa treni zao huondoka zikiwa na mamia ya watu. Kwa kituo cha Spencer, ambako pengine wanaoshuka ni familia moja na hema lake, hesabu ni nyingine.