Uso Uliovimba Asubuhi

Huku kwetu Rujewa mtoto akiamka uso umevimba, macho yake hayafunguki vema, wengine husema amelala mno, na wengine hunong'ona habari za uchawi. Jioni uvimbe hushukia miguuni, na mkojo wake hutoka na povu jingi kama la sabuni. Yatupasa kujua jambo hili latoka wapi.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, yapata milioni moja. Kazi yake ni kupitisha maji na taka, na kuizuia protini ibaki katika damu. Protini ikipotea katika mkojo, damu hushindwa kushika maji yake. Nayo huvujia mwilini. Ndio uvimbe huo.

Katika hospitali ya Mulago, nchi ya Uganda, Daktari John Kibukamusoke na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa namna hii. Mwaka 1967 walieleza kwamba ugonjwa huo ulifungamana na ile malaria ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72. Mwaka 1969 yeye na mwenzake P. A. Ward walitoa ushahidi wa njia yake. Mwili hufanya protini za kupigana na vijidudu. Hizo hushikamana na vipande vya vijidudu, zikachukuliwa na damu, zikanasa katika vichujio kama magugu katika wavu wa mvuvi wa Ruaha. Na wavu ukisha kuchanika, hauzuii tena samaki.

Tena liko neno la huzuni: dawa ya malaria iliviua vijidudu, lakini mara nyingi figo zilizokwisha kuharibika hazikupona. Kwa hiyo kinga ni bora. Mashamba yetu ya mpunga huzaa mbu. Basi watoto walale ndani ya chandarua, na homa ipimwe mapema.

Wala si kila uvimbe utokao kwa malaria. Yako magonjwa mengine yanasishayo protini katika vichujio, na macho ya nyumbani hayawezi kuyapambanua. Ninyi waalimu, mwonapo mtoto amevimba uso darasani, msimcheke wala msingoje. Waiteni wazazi wake, wampeleke hospitali mkojo wake ukapimwe. Kipimo hicho ni cha dakika chache tu. Figo ikifa hairudi.