Usifute Nodi Ili Kubadilisha Uzito Wake

Wiki hii swali lile lile limenifikia mara mbili: "Mwalimu, nimefuta Iten nikaiongeza upya na idadi mpya ya magunia. Mbona lori la Kabarnet linapitishwa Nakuru?" Anayeuliza anaishuku algoriti ya Dijkstra. Algoriti hiyo ya kutafuta njia fupi zaidi ilichapishwa mwaka 1959, na hapa haina kosa lolote. Kosa liko kwenye hilo neno "nimefuta".

Nimelisema darasani hapa Eldoret hadi nimechoka: nodi haifutwi ili uzito wake ubadilike. Duka likibadilisha bei ya unga halibomolewi likajengwa upya.

Itazame grafu yenyewe. Nodi ni miji, viungo ni barabara, na uzito wa kila kiungo ni kilomita. Nodi nayo ina uzito wake: magunia ya mahindi ya kilo 90 yaliyo ghalani. Iten ina viungo vitatu, cha Eldoret, cha Kapsowar na cha Kabarnet. Ukiandika remove_node("Iten") katika NetworkX, maktaba ya Python, viungo vyote vitatu vinaondoka pamoja na magunia. Kisha add_node("Iten", magunia=900) inairudisha nodi peke yake, kama kisiwa. Idadi ya nodi ni ile ile, magunia ni sahihi, wala hakuna ujumbe wa hitilafu. Lakini mteremko wa Tambach, kati ya Iten na Kabarnet, haupo tena kwenye programu, na lori linazungushwa Nakuru na Marigat.

"Basi nitavirudisha viungo," wengine husema. Wanaandika add_edge("Eldoret", "Iten") na kusahau kilomita. Dijkstra ya NetworkX ikikosa uzito kwenye kiungo, hukihesabu kuwa 1. Barabara ya kilomita kama 35 imegeuka kilomita moja, na njia zisizohusika nazo zinaanza kuvutwa Iten. Dawa imezidi ugonjwa.

Imani kwamba lazima ufute kwanza imezaliwa na hofu: "Nikiongeza Iten iliyopo, zitakuwa Iten mbili." Haziwi mbili. NetworkX huhifadhi nodi katika kamusi ya Python, na kamusi haina ufunguo unaojirudia. Ukiita add_node kwa jina lililopo, sifa ulizozitaja zinasasishwa, nyingine zinabaki, na viungo haviguswi. Iten ya pili huzaliwa pale unapoandika "iten", au "Iten " yenye nafasi mwishoni. Kwa kompyuta hayo ni majina mengine kabisa, na add_node na add_edge zitaunda nodi mpya bila kukuonya. Safisha majina kwanza.

Sasa njia zinazofaa, ikiwa grafu yako inaitwa G. Thamani mpya: G.nodes["Iten"]["magunia"] = 900. Ninaipendelea hii kwa sababu ukikosea jina la mji, programu inasimama papo hapo. Magunia 150 yameingia? Tumia += 150. Miji mingi kwa mpigo: set_node_attributes. Kilomita zimebadilika: ita add_edge tena na weight mpya, mradi grafu yako si MultiGraph, maana humo utapata barabara ya pili. Unataka magunia yaathiri njia? Dijkstra haisomi uzito wa nodi. Iandikie funksheni ya gharama inayousoma. Kwa Neo4j, tumia MERGE kisha SET. Hifadhidata hiyo hukataa kufuta nodi yenye viungo mpaka uiamuru kwa DETACH DELETE, na inafanya vyema.

Na kabla hujaniletea swali, chapisha G.degree["Iten"] mara mbili: kabla ya kubadilisha magunia na baada yake. Ilikuwa 3, ni lazima ibaki 3.