Umeme Mdogo wa Kutuliza Maumivu

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga, wala hawakukosea, kwani maumivu ya mwili hayana shahidi ila mwenye nayo. Ukishika njia ya pwani ya kusini, toka Gazi kupita Msambweni hadi Ramisi, utawakuta wakwezi waliopanda minazi tangu ujana wao, wavuvi waliozeekea ngalawani, na akina mama waliosuka makuti miaka na dahari. Baadhi yao leo magoti yamekataa na viuno vimekaza. Wapo wanaosali kitini, sijda yao ikiwa ni ya kuashiria tu.

Tena pwani yetu ina ugonjwa wake wa viungo. Mnamo mwaka 1952 ulizuka kusini mwa Tanganyika ugonjwa wa homa uliowakunja watu viungo, nao ukapewa jina la Kimakonde, chikungunya. Ulipiga Lamu mwaka 2004, na Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Homa yake hupoa kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo huweza kumganda mtu miezi, pengine miaka.

Dawa zetu za asili twazijua: kukandwa kwa maji moto, kuchuliwa kwa mafuta, kuumikwa chuku. Na vidonge vya dukani navyo twavijua. Lakini vidonge kama diclofenac, vikimezwa siku nenda siku rudi, huweza kudhuru tumbo na figo. Ndipo baadhi ya watu wakaanza kuulizia kile kimashine cha umeme kinachobandikwa mwilini, kiitwacho TENS.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni geni. Yapata mwaka 47 wa Miladi, tabibu wa Roma aitwaye Scribonius Largus aliandika kuwa mwenye jongo asimame ufukweni penye maji, akanyage taa wa umeme aliye hai, hata mguu ufe ganzi mpaka gotini. Baadaye Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, alimjaribu samaki huyo akiwa amekufa asione faida, kisha akamjaribu akiwa hai akaona maumivu ya kichwa yanatulia. Katika mto Nili yuko samaki mwingine wa namna hiyo, na Waarabu wakamwita kwa jina la asili moja na neno letu “radi”. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekaa Misri takriban miaka 800 iliyopita, aliandika habari zake.

Ama elimu ya sasa ilianza mwaka 1965. Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo mna kitu mfano wa mlango, ambapo habari za maumivu hupita kwenda kwenye ubongo. Mishipa ya fahamu inayoleta habari za kuguswa huweza kuurudisha mlango huo. Ndiyo maana ukijigonga ugoko, mkono huenda wenyewe kupasugua. Mwaka 1967 Wall na William Sweet walipeleka umeme mdogo kwenye mishipa ya wagonjwa, na maumivu yakapungua kwa muda. Katika miaka ya 1970 vikaenea vimashine vya kuchukulika mkononi.

Kimashine chenyewe ni kadiri ya kiganja, chatumia betri, na kina nyaya zenye vibandiko vya kuwekwa juu ya ngozi karibu na panapouma. Hutoa mipigo, aghalabu 50 hadi 100 kwa sekunde, nawe wahisi mwasho kama wa sisimizi. Mpigo uwe wa nguvu ya kuhisika, lakini usiume. Na mwenye kusali avitoe vibandiko kabla ya kutawadha, kwani huzuia maji kufika kwenye ngozi, na umeme na maji havipatani.

Je, chafaa? Hapa wataalamu wamehitalifiana. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi uliokusanya majaribio 381, ukaonyesha kuwa maumivu hupungua wakati kimashine kinapotumika au mara baada yake. Lakini mwaka 2016 taasisi ya Uingereza ya NICE ilishauri kisitumiwe kwa maumivu ya kiuno. Basi la kushika ni hili: kimashine hutuliza maumivu, hakitibu ugonjwa. Goti lililolika halirudi lilivyokuwa. Faida yake ni ile nafasi ya kupumua, ambayo mgonjwa aitumie kunyoosha viungo na kufanya mazoezi aliyofunzwa.

Wako wasiofaa kukigusa bila idhini ya daktari: mwenye kifaa cha umeme moyoni, mwenye kifafa, na mama mjamzito. Kisiwekwe mbele ya shingo, wala karibu na macho, wala juu ya kidonda. Na hili walisikie hasa wenye kisukari, na waliopata ukoma zamani: ngozi iliyokufa ganzi haisemi inapoungua. Mtu aweza kuongeza umeme akidhani haufanyi kazi, kumbe anajichoma.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa pesa yako, nenda ukapimwe kwanza ujulikane ugonjwa wenyewe. Msambweni ina hospitali ya rufaa. Muulize daktari, umuulize na mtaalamu wa fiziotherapia, akuonyeshe mahali pa kubandika na muda wa kutumia. Na akija mchuuzi na kimashine hicho, akakuambia chaponya sukari, presha na kupooza kwa pamoja, mshukuru kwa maneno yake mazuri, kisha ushike mfuko wako.